Fimbo Thelathini Kutoka Relini

Wenzangu wa kwaya, na ninyi majirani mliobeba maji na kuni siku ya maziko, kila mmoja ameniuliza kwa wakati wake ilikuwaje huko, na kila mmoja nimemjibu nusu. Wengine nimewajibu wakati natwanga, wengine tukiwa njiani kwenda sokoni. Nimeona bora niandike yote mara moja. Habari za vibali na mihuri nitaziruka, hizo mnazijua zilivyo.

Ntalikwa

Baba yetu alikuwa mtu wa genge. Genge ni kikundi cha wanaume waliotunza kipande kimoja cha reli: walikaza boliti, walijaza kokoto, walifyeka majani, na treni ikipita walisimama pembeni wakaihesabia mabehewa. Kambi yao ilikuwa porini, kati ya Usinge na Malagarasi, mahali ambapo reli inapiga kona ndefu kuzunguka kilima kidogo. Mimi nilizaliwa hospitali ya Kitete, Tabora, lakini miaka yangu ya kwanza niliimaliza kwenye kona ile.

Kazi ya baba ilikuwa kutembea na fimbo ya chuma. Urefu wake ulikuwa sawa na upana wa reli, mita moja. Aliilaza katikati ya chuma hiki na hiki, akachungulia, akaondoka. Penye njia iliyonyooka alipita haraka. Penye kona alichelewa, kwa sababu treni ikikunja huisukuma reli nje, na reli zikiachana kupita kiasi behewa linaanguka. Mama alikuwa akisema mume wake ameoa wake wawili, yeye na kona.

Masika ile ya mafuriko mama alikuwa hapa Ntalikwa kwa wazazi wake, anasubiri kujifungua Samweli, nami nilikuwa naye. Baba akashikwa na homa kambini. Maji yalikuwa yamekata reli mbele na nyuma, hakukuwa na treni wala toroli ya kumtoa. Akafa, wenzake wakamzika palepale.

Genge lilikuwa na desturi yake ya kuzika. Msalaba wa mti unaliwa na mchwa mwaka haujaisha, na jiwe porini halina tofauti na jiwe jingine. Kwa hiyo kila kaburi walilipima kwa fimbo ileile ya kazi, kuanzia relini, kisha wafiwa wakapewa kipimo wakikariri. Mama alipewa chake, naye akatukaririsha sisi kama sala ya Baba Yetu: mkabala na nguzo ya kilomita, upande wa kulia ukielekea Kigoma, fimbo thelathini kutoka reli ya karibu.

"Mti watakata, nyumba itaanguka," mama alikuwa akisema. "Reli itakwenda wapi?"

Mama naye alitangulia, Samweli akiwa bado anatambaa. Mimi nikaacha shule darasa la tano nikashika jembe, maana tulikuwa watatu na mkubwa ni mimi. Tulipomzika mama tuliacha nafasi kushoto kwake, kwa sababu ndivyo alivyoomba. Nafasi ile nimeipalilia miaka yote.

Mwaka huu ikafika habari, kwa mdomo wa kibarua mmoja wa Usoke, kwamba mitambo ya reli mpya imekaribia kona. Reli mpya haizungukii kilima, inakipasua. Makaburi yenye alama yalikuwa yameshahamishwa kwa heshima, na ndugu waliitwa. La baba halikuwa na alama. Hakuna aliyejua lipo isipokuwa mimi na wadogo zangu, na tuta likishajengwa juu yake, basi.

Mdogo wangu Eliza ana wagonjwa nyumbani kwake Nzega. Nikamwambia Samweli tunakwenda wawili. Jirani seremala akatutengenezea sanduku dogo la mninga. Aliniuliza urefu. Nikamwambia urefu wa paja la mtu mzima, maana mfupa wa paja ndio mrefu kuliko yote. Akachukua futi yake akapima mbao.

Stesheni ya Tabora

Treni ya jioni ilifika asubuhi. Ndiyo ilivyokuwa, na sina cha kuongeza. Tulijilaza juu ya kanga pamoja na abiria wengine, tukala michembe, viazi vitamu vikavu nilivyovichemsha na karanga, tukasali, tukalala, tukaamka, ikaja.

Samweli alikuwa kimya kwa namna yake. Ni fundi ujenzi, mtu wa maneno machache, ila pale kwenye benchi alinitolea lililokuwa moyoni.

"Dada, tukifika tuchote udongo tu. Udongo wa mahali ndiyo mtu mwenyewe. Wazee si ndivyo wanavyofanya mtu akipotea?"

"Huyu hajapotea. Tunajua alipo."

"Miaka yote hiyo, kutakuwa na nini?"

"Kutakuwa na yeye."

Akalivuta sanduku karibu yake. Nilijua si ubishi. Kwangu mimi baba ni mtu, kwake ni kipimo nilichomkaririsha.

Tabora hadi Usinge

Behewani tulikaa na mama mmoja mfanyabiashara wa vitunguu, mnene, mchangamfu, anayekwenda Nguruka. Mbele yetu alikaa mwalimu mstaafu wa jiografia, mwembamba, amevaa koti la suti juu ya fulana. Hatujapita Usoke yule mama alishaligonga sanduku letu kwa kidole.

"Mninga huu! Asali, eeh? Ya misitu ya huku ndiyo yenyewe. Nipimie basi kidogo."

"Si asali, mama."

"Nta?"

"Hamna kitu ndani. Ni tupu."

Akacheka. "Mnasafiri na sanduku tupu toka Tabora? Nyie Wanyamwezi mna mambo. Mnakwenda kulijaza nini?"

Samweli akajibu kabla yangu, uso wake dirishani: "Ni la baba."

"Baba mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiyo tunamfuata."

"Aa, vizuri. Mwambieni asilijaze sana, wenye treni watawatoza mzigo," akasema, akaendelea kumenya chungwa. Chungwa likafika nusu, mkono ukasimama. Akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa.

"Mungu wangu," akasema polepole. "Nisamehe, mwanangu. Mdomo huu."

Akatugawia machungwa yote aliyokuwa nayo, na tulipokataa alitufokea.

Kwa hiyo ikabidi nieleze kisa, na kisa kikaleta mjadala. Mama wa vitunguu alisema lawama ni ya Wajerumani. Walitutengenezea reli ya kitoto, alisema, nyembamba kama kitanda cha mtu mmoja, ndiyo maana leo inabomolewa kila kitu kianze upya.

"Walitubania," akasema. "Kwao Ulaya walijiwekea pana."

Mwalimu akakohoa. Nilijua somo linakuja.

"Mama yangu, hawakutubania. Sisi hatukuwemo hata kwenye hesabu zao. Walijibania wenyewe. Fikiri: nchi hujawahi kuijua, bado hujui itakupa pamba au itakupa homa. Unataka kufika Ziwa Tanganyika kabla wenzako wa Ubelgiji na Uingereza hawajachukua biashara yote. Utajenga nini? Utajenga nyembamba. Tuta dogo, daraja dogo, chuma chepesi, taruma fupi la kukibeba. Na penye kilima hupasui, unazunguka, kwa sababu reli nyembamba inakubali kukunja."

"Na Mwingereza wa Kenya?"

"Naye mita moja. Yeye alikuwa na sababu ya zaidi, India kulikuwa na reli nyingi za mita moja, na vifaa vyake, na mafundi wake. Alivuta kilichokuwa karibu na mkono. Nenda kusini sasa, ile reli ya kwenda Zambia, imefuata upana wa huko kusini kwa Afrika. Behewa letu haliwezi kukanyaga pale. Mzigo unashushwa huku, unapakiwa kule."

"Kama nguo za watoto wa mama wawili," akasema mama wa vitunguu. "Hazivaliki kwa zamu."

"Umesema."

Mwalimu akanigeukia mimi, labda kwa kuona sijasema neno. Akaniambia wapimaji wa Wajerumani hata njia hawakuitafuta. Waliifuata ya wapagazi, toka pwani hadi Tabora, toka Tabora hadi Ujiji, penye maji na penye vijiji.

"Na njia ya wapagazi ilikuwa na upana gani?" nikamuuliza.

Akatazama viatu vyake. "Upana wa mguu. Walitembea mmoja nyuma ya mwingine."

Hilo lilinikaa. Upande wa baba tulikuwa wapagazi, kila nyumba ya Unyamwezi ina mpagazi akirudi nyuma vizazi vichache. Bibi alitusimulia kwamba aliyeanguka njiani alifunikwa matawi, mzigo wake ukagawanywa, msafara ukaendelea. Hakurudishwa mtu. Nyumbani walingoja hadi msafara urudi, wakahesabu vichwa, ndipo wakalia. Niliangalia sanduku mapajani mwa Samweli nikasema moyoni kwamba sisi angalau tunakwenda kuchukua.

Kabla ya Kaliua treni ilisimama porini kungoja nyingine ipite. Ikasimama hadi watu wakashuka wakakoka moto. Wanawake wa kijiji cha karibu wakatokea na ugali, mlenda na samaki wa kukaanga, kana kwamba waliambiwa tutakwama. Mama wa vitunguu alikula, akalaumu chumvi, akaagiza tena. Mwalimu alisema hata hii foleni ni urithi, chuma kimoja kwa treni za pande mbili. Akajibiwa, "Mwalimu, kula. Wajerumani wamekwisha kufa."

Kambini

Usinge tulishuka tukachukua pikipiki mbili hadi kambi ya wajenzi. Nilidhani nitaijua kona. Sikuijua. Nyumba za genge zilikuwa kuta tupu zisizo na mabati, vichaka vimeota ndani. Kilima chetu, ambacho utotoni kilikuwa mlima, kilikuwa kichuguu kikubwa tu chenye majani. Reli ya zamani ilikizunguka kama mkono unaomkumbatia mtoto. Upande wa pili wa kilima, kwa mstari ulionyooka hadi macho yanaposhindwa, kulikuwa na udongo mwekundu uliotifuliwa na vigingi vyenye utepe. Mstari ule uliishia chini ya kilima, ukaanza tena ng'ambo yake. Kilima kilikuwa kinangoja zamu.

Mpimaji aliyetupokea ni kijana wa Tanga, Hamisi, mwenye adabu ya kwao. Aliniamkia, akanipa kiti chake, akasimama yeye.

"Pole sana, dada. Tungejua mapema tungewatafuta. Kesho kutwa mtambo unapanda hapa. Leo na kesho ni yenu, nitawapa na vibarua wawili."

Nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nalo toka Tabora. Kwa nini reli yenu isizunguke kama hii? Kilima chenyewe kidogo.

Hakucheka. Alichora chini kwa kijiti mistari miwili, mmoja umepinda, mmoja umenyooka. Akanieleza kwamba reli mpya ni pana zaidi ya ile ya zamani karibu kwa nusu ya upana wake, treni zake ni nzito na zina mbio, na chenye mbio hakikunji ghafla. Kikilazimishwa kinatoka nje. "Hii ya zamani," akasema, "ilichaguliwa ili ipite popote kwa gharama ndogo. Hii ya sasa imechaguliwa ili isipunguze mwendo. Kila moja inataka ardhi yake."

"Aliyechagua ile ya mwanzo alifika hapa?"

"Sidhani, dada. Mambo hayo huamuliwa mezani."

Nilifikiria meza hiyo. Mtu ameketi mbali sana, anataka kupunguza matumizi, anasema mita moja inatosha. Kwa neno hilo reli ikajikunja hapa. Kwa kuwa imejikunja, ikahitaji watu wa kuiangalia kila siku isiachane. Kwa kuwa ilihitaji watu, baba yangu akatoka Ntalikwa na blanketi lake. Sikuwa na hasira naye mtu yule. Niliona tu kwamba hakujua, na hakuwa na namna ya kujua, ni maisha ya nani alikuwa anayapinda.

Shimo la kwanza

Asubuhi tulianza. Nguzo ya kilomita ilikuwepo, imepakwa rangi nyeupe. Nikasimama mkabala nayo, nikanyoosha mkono kulia, nikasema kile kipimo kwa sauti kama mama alivyotufundisha. Hamisi akavuta utepe wake toka reli ya karibu, mita thelathini, akachomeka kigingi. Kilikuwa mteremkoni mwa kilima, hatua chache tu toka mstari wa reli mpya.

Nilipiga magoti nikaomba, Samweli akapiga jembe la kwanza.

Walichimba yeye na wale vibarua. Mimi nilikaa juu na kanga nyeupe ya kumpokelea. Mtu anayelima anajua udongo. Udongo uliowahi kufukuliwa na kurudishwa huwa umechanganyika, mweusi na mwekundu pamoja, nao huwa mlegevu hata baada ya miaka. Ule uliokuwa ukitoka ulikuwa umepangwa: mweusi juu, kisha mwekundu, kisha changarawe ngumu iliyolia chini ya sururu. Nililiona mapema. Nikajiambia labda mbele kidogo. Wakatanua kushoto. Wakatanua kulia. Changarawe.

Jua lilipokuwa utosini Samweli akatoka shimoni, akakaa, miguu ikining'inia ndani.

"Hapa hajawahi kuzikwa mtu, dada."

"Naona."

"Mama alikosea."

"Mama hakukosea."

"Basi wenzake walimdanganya. Au walimtupa majini wakaona haya kusema." Sauti yake ilikuwa imepanda. "Chota udongo, turudi. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Nitapalilia kaburi la changarawe hadi nife?"

Akarusha jembe. Vibarua wakatazama pembeni. Hamisi alirudia kupima, akapata palepale, akaniambia kwa upole kwamba yeye amepima alichoambiwa na hajui afanye nini tena. Hata mimi sikujua. Niliomba tu tusifukie kwanza.

Ndipo akaja Mama Zuhura. Ni mwanamke Muha, mjane wa mtu wa genge, aliyebaki kambini baada ya wengine wote kuondoka. Asubuhi alikuwa mtoni. Alikuwa amesikia kuna watoto wa zamani wamekuja, akatuletea ugali wa muhogo na kambale kwenye sufuria lililofungwa kwa kitambaa. Alitua mzigo, akatazama shimo, akatutazama sisi.

"Mnachimba kisima?"

"Shikamoo mama. Tunamtafuta baba," nikasema, nikamtaja jina.

"Marahaba." Akaweka mkono kifuani. "Wewe ndiye yule aliyekuwa akipanda toroli akichapwa? Sasa mbona mnamtafuta huku? Huku kuna nani?"

"Fimbo thelathini kutoka relini, mama. Kulia, mkabala na nguzo."

"Reli ipi?"

Akageuka akaonyesha bondeni, ng'ambo ya reli, mahali palipokuwa na majani marefu ya majimaji.

"Kaburi lenyewe walilipima wanaume, mimi silijui, lakini reli ilikuwa kule. Pale ndipo maji yalipoichukua. Yalipokauka wakaisogeza huku juu, pamoja na nguzo yake. Kule nimelima mpunga toka mwaka ule. Kila nikilima napiga kokoto."

Mnaona sasa. Mafuriko yaleyale yaliyomzuia baba kutoka ndiyo yaliyohamisha reli baada ya kuzikwa kwake. Wenzake walipima kutoka reli waliyoijua. Mama akapewa kipimo cha kweli, nasi tukakishika neno kwa neno, na hatukuwahi kufikiri kwamba chuma kinaweza kuhama. Ni mtoto wa genge tu anayeweza kupotea hivyo. Mtu mwingine angeuliza kuhusu mti au kilima, sisi tuliiamini reli.

Halafu nikapata hofu nyingine, kubwa kuliko ya kwanza. Kama reli imesogea kuja huku, na baba alikuwa huku, je, haikumlalia?

Bondeni

Ugali tuliula tukitembea. Mama Zuhura alitutangulia kwenye shamba lake akipiga chini kwa mpini wa jembe. Palipo tupu palitoa sauti ya tope. Palipo na kokoto palijibu. Tukachimbua kidogo hapa, kidogo pale, na mstari ukaanza kuonekana chini ya mpunga, umepinda kama ule wa juu, kama kivuli chake. Lilikuwa tuta jembamba. Hamisi alisema huo ndio wema wa reli ya mita moja, kitanda chake ni chembamba, kwa hiyo hatuwezi kukosea sana chuma kilikuwa wapi.

Akapima toka ukingo wa kokoto. Utepe ukapita mpunga, ukapanda, ukavuka reli ya sasa. Nilikuwa nimefumba macho. Nikasikia Samweli anasema, "Imepita."

Kigingi kilisimama hatua chache tu kutoka reli, kando ya njia ya miguu ambayo watu wa kambi huitumia kwenda mtoni. Mama Zuhura alifunika mdomo. Alikuwa amepita pale kila siku.

Jembe la kwanza nililipiga mwenyewe. Udongo ulitoka mweusi na mwekundu pamoja, mlegevu.

Walipokaribia Samweli aliwaambia vibarua wapumzike, akashuka peke yake, akatumia mikono. Sitaeleza yote. Blanketi lilikuwa limekuwa udongo, vifungo vya koti vilikuwepo. Alipofika kichwani alifuta taratibu kwa kidole gumba, kisha akabaki ameinama bila kusogea.

Ninyi mnamjua Samweli, ana mwanya mpana meno ya mbele. Mama hakuwa nao. Mimi na Eliza hatuna. Alikuwa akiutazama mwanya wake mwenyewe. Nilimwona anaupeleka ulimi kwenye meno yake, polepole, kama anayehakikisha bado upo.

"Dada," akasema. "Ni yeye."

Nikashuka. Tukampokea kwenye kanga nyeupe, mfupa kwa mfupa, mimi nikimtajia kinachotoka, yeye akikipanga. Treni ya mizigo ilipita tukiwa shimoni. Ardhi ilitetemeka, kokoto ndogo zikatudondokea mabegani. Samweli akajiinamisha juu ya sanduku hadi ikaisha.

Kurudi

Hamisi alikuja kutuaga amevua kofia. Mama Zuhura alinipa unga wa muhogo na maagizo: tukivuka maji tumwambie baba, tukifika stesheni tumwambie, maana alipita njia hii akiwa kijana na stesheni zimebadilika.

Mimi ni Mkristo, na mwanzoni niliona haya. Lakini treni ilipoanza kuondoka Usinge nikasema kwa sauti ndogo, "Baba, tumeondoka." Kaliua nikamwambia. Urambo nilisinzia. Nilizinduliwa na sauti ya Samweli, ameinamia sanduku mapajani, anasema, "Hapa ni Urambo. Pamekuwa mji. Kuna tumbaku nyingi."

Mkagua tiketi akapita, akasema mizigo iwekwe juu.

"Huyu si mzigo," Samweli akamjibu.

Yule bwana alitazama sanduku, akatazama nyuso zetu, akatoboa tiketi zetu akapita. Samweli akaendelea. Alimweleza daraja, alimweleza mvua imechelewa mwaka huu, alimweleza kwamba upande wa kulia sasa unaonekana udongo wa reli mpya na kwamba itakuwa pana. Nilijifanya nimelala hadi Tabora.

Ntalikwa tena

Maziko mliyaona, mchungaji mlimsikia. Kilichobaki ni cha jioni, mlipokwisha kutawanyika.

Nilimkuta Samweli nyuma ya nyumba akiosha majembe kwa maji ya ndoo. Alikuwa amevua shati la maziko na kulitundika kwenye kamba. Nikaanza kukusanya masufuria.

"Dada."

"Naam."

"Alikuwa anacheka?"

Nimemlea tangu anatambaa. Nimemwuguza surua, nimemshonea viraka, nimempeleka kwa fundi akajifunze kazi. Hakuwahi hata mara moja kuniuliza neno juu ya baba, nami sikumlazimisha, maana huwezi kumlisha mtu asiyesikia njaa.

"Sana," nikasema. "Alikuwa akicheka mpaka anakaa chini."

"Kwa mambo gani?"

Nikaweka masufuria chini, nikavuta kigoda.

"Nipe jembe moja nikusaidie kuosha," nikamwambia. "Hii ni ndefu."